Maoni Hayakatwi: Miaka Ishirini na Mmoja ya Bi. Hamisa Halfan

Jioni ya tarehe 30 Juni 2005, Bi. Hamisa Halfan atarudisha kipaza sauti stoo, atamkabidhi mtunza stoo na betri zake, kisha atatoka kwenye jengo la Uwanda Studio na Televisheni, hapa Makambako, akiwa mstaafu. Atakuwa ameitumikia Uwanda kwa miaka ishirini na mmoja. Anastaafu kwa hiari, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano na sauti isiyo na dalili yoyote ya kuchoka. Mkurugenzi wetu, Bwana Filbert, amemwomba mara nyingi mno abaki, hata siku hizi Bi. Hamisa akimwona upande mmoja wa korido hupitia upande wa pili.

Kazi ya kuandika wasifu huu amepewa mpiga picha Tarsis, kwa kuwa ndiye aliyezunguka naye na kamera kuliko mtu mwingine yeyote. Wengine walioombwa walikuwa na udhuru. Mwandishi anaahidi kutoficha kitu, maana mhusika atausoma humu ukumbini, kwenye hafla ya kumuaga, akiwa na kalamu mkononi, na sote tunamjua.

Bi. Hamisa alizaliwa na kukulia hapa hapa Makambako. Baba yake, marehemu mzee Halfan, alitoka Kondoa na lori la kubebea nafaka, akaona njia panda hii inamfaa, akajenga. Mzee huyo alipofariki aliacha nyumba ya vyumba viwili, lori lisilowaka, na watoto wawili: Hamisa, ambaye alikuwa msichana mkubwa, na Mansoor, ambaye alikuwa hajamaliza shule ya msingi. Dada ndiye aliyemlea mdogo wake. Alimsomesha, akamwozesha, na lile lori lisilowaka akamwachia alifungue na kulifunga, alifungue na kulifunga, mpaka siku lilipowaka na kuamsha mtaa mzima. Msomaji aliweke hilo akilini, tutalirudia.

Mwaka 1984, Bi. Hamisa alipoajiriwa kuwa karani wa mapokezi, Uwanda ilikuwa chumba kimoja, kamera moja na pazia. Kwenye pazia lile palichorwa gari, Pijo nyeupe, na wateja walipiga picha wakiwa wameegemeza mkono mlangoni kama wenye mali. Siku moja mteja kutoka Ludewa alikataa kuchukua picha zake. Alisema gari halina kioo cha pembeni, na kwao watu wangejua mara moja kuwa ni la kuchorwa. Bwana Filbert alicheka mpaka akakaa chini. Bi. Hamisa hakucheka. Alimwita mchoraji arudi na brashi yake, kioo kikawekwa, na yule mteja akarudi na mke, watoto na mashemeji. Tangu hapo, kila mteja aliyekuwa na la kusema alielekezwa kwa Bi. Hamisa.

Kisha zikaja enzi za soko huria. Vitu tulivyozoea kuvisikia kwa watu waliotoka safari vikaanza kupangwa madukani mwetu: televisheni, deki za video, redio za kaseti zenye milango miwili. Uwanda ikaanza kurekodi harusi, ikafungua ukumbi wa video, na mwaka 1997 ikavuta nyaya mjini ikawa televisheni kamili, na baadaye ikafungua kituo kidogo Njombe. Magari nayo yakamiminika, yaliyokwisha kutumika Ujapani, yakipanda huku yakiwa bado na maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Watu waliokuwa na magari ya zamani wakaanza kuyaonea haya. Waliyasukuma nyuma ya nyumba, kuku wakataga humo.

Hapo ndipo Mansoor, ambaye sasa alikuwa fundi mwenye gereji yake jirani na reli, alipomjia Bwana Filbert na wazo. Angechukua mkweche mmoja uliokatiwa tamaa, aufufue mbele ya kamera hatua kwa hatua, na gereji yake ingedhamini kipindi. Kipindi kikaitwa Mkweche. Kilianza mwaka 1999, na haukupita muda Alhamisi jioni ikawa wakati mbaya wa kutafuta mtu barabarani hapa mjini.

Dakika za mwisho za kipindi zilikuwa za Maoni ya Watazamaji, na hizo alikabidhiwa Bi. Hamisa. Ieleweke kwamba Bi. Hamisa hajui magari. Miaka yote ya Mkweche kabureta ameiita "kale kadude", na mara moja alimpongeza mdogo wake hewani kwa kuipaka tairi rangi vizuri, kumbe ilikuwa tairi mpya. Lakini alikuwa na miguu, na alikuwa na subira ya kusikiliza. Alishuka sokoni, akaenda stendi, akasimama kwenye foleni ya mashine ya kusaga, akamsogezea mtu kipaza sauti, na mtu akasema.

Na watu walisema. Muuza nyama mmoja wa hapa mjini alidai fundi Mansoor hafanyi kazi yoyote, kwa sababu ovaroli yake haichafuki. Mwalimu wa Njombe alitaka kipindi kianze kwa majina ya vifaa kuandikwa ubaoni, na mwishoni kuwe na maswali. Madereva wa malori waligawanyika pande mbili, upande wa Landrova na upande wa magari ya Kijapani, na mzozo wao uliendelea hadi vikao vya harusi. Mama mmoja muuza viazi alishika kipaza sauti kwa mikono miwili akasema: "Kila wiki mnatuonyesha gari linavyopona. Mwenye gari je? Anakula nini muda wote huo gari liko kwenu?" Baada ya maoni hayo, Mkweche ukaanza kumwonyesha na mwenye gari.

Bi. Hamisa alikuwa na sheria moja: maoni hayakatwi. Mtu akifungua kinywa, anasikika mpaka mwisho, hata akikohoa katikati. Jamaa mmoja alisema, "Huyo mama wa maoni anaongea kuliko wenye maoni." Bwana Filbert alitaka kuyafuta. Bi. Hamisa aliyarusha yote, na kuanzia wiki iliyofuata akapunguza maneno yake. Mwingine alisema picha zetu zinatikisika kana kwamba mpiga picha amepanda punda. Hayo nayo yalirushwa, na mpiga picha, ambaye ndiye mwandishi wenu, akatafuta stendi ya miguu mitatu upesi.

Vijijini ambako nyaya zetu hazikufika, kipindi kilikwenda kwa kanda. Basi lilizishusha Njombe, na kutoka hapo kila njia ilikuwa na mchukuzi wake. Njia ya Makete, kupitia Ikonda hadi Ipelele, mchukuzi alikuwa Bwana Manase na Landrova yake. Ipelele jenereta iliwashwa, watu wakajaa kwenye kibanda cha video, wakatazama Mkweche ukiwa umechelewa wiki nzima. Maoni yao yalirudi na Manase huyo huyo. Aliyabeba kichwani na kuyasema mbele ya kipaza sauti chetu kila moja kwa sauti ya mwenyewe, ya bibi kwa sauti ya bibi, ya mchungaji kwa sauti ya mchungaji, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba amenukuliwa vibaya.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo bila hilo wasifu huu ungekuwa orodha ya sifa tu.

Mwaka 2001 Landrova ya Manase ilichoka. Gari lile lilikuwa la Manase kwa kadi tu. Kwa kweli lilikuwa la Ipelele nzima, maana ndilo lililobeba viazi, pareto, maharusi, na zaidi ya vyote wagonjwa wanaokwenda hospitali Ikonda. Manase alilileta kwa Mansoor, na Mansoor akaamua kwamba hii ndiyo itakuwa kazi ya maisha yake. Alinyoosha bodi. Akabadili breki na viti. Akalipaka rangi ya kijani iliyong'aa hata kuku wa jirani wakaja kujitazama.

Lakini alichojivunia kuliko vyote ni utulivu wa gari lenyewe. Landrova ile ilikuwa na bomba la moshi lililopasuka zamani na kuzibwa kwa bati la kopo la mafuta ya kula. Ikipanda mlima ilikohoa mara mbili, halafu ikaunguruma, halafu ikakohoa tena. Mansoor aling'oa bomba lote akafunga jipya lenye sailensa. Mbele ya kamera aliweka glasi ya maji juu ya boneti, akawasha injini, na maji yakatulia kama yamo kisimani. Makambako ilipiga makofi. Mama mmoja sokoni alimwambia Bi. Hamisa kwamba mtoto mchanga anaweza kulazwa ndani ya gari hilo asiamke mpaka Njombe. Bwana Filbert aliyapenda maoni hayo kiasi cha kuyafanya tangazo.

Hakuna aliyegundua kasoro moja. Maoni yote yalitoka Makambako na Njombe. Ipelele hawakutoa maoni kwa sababu hawakuona kipindi, kwani kanda zao zilisafirishwa na Landrova ya Manase, na Landrova ya Manase ilikuwa ndani ya kipindi.

Gari lilirudi kwao likapokelewa kwa vigelegele. Baada ya hapo likaanza kutembea tupu.

Ili kuelewa kilichotokea, inabidi kujua watu wa huko wanavyosafiri. Nyumba na mashamba yako mbali na barabara, juu ya migongo ya vilima, na asubuhi ukungu hufunika kila kitu. Manase hakuwa na saa ya kuondoka, aliondoka gari likijaa. Kwa hiyo watu hawakulitazamia gari kwa macho, walilisikiliza. Likikohoa mara mbili kwenye mlima wa ng'ambo, mwenye safari aliweka jembe chini, akafunga mzigo, akashuka, na gari lilipomaliza kuzunguka bonde lilimkuta barabarani. Sasa lilipita kimya ndani ya ukungu. Manase alidhani watu wameanza kupanda malori ya mbao. Watu walidhani Manase amerudishwa gereji. Kila upande ulimsikitikia mwenzake.

Aliyeumia ni mzee Lameki, mkulima wa viazi, aliyekuwa amejikata mguu kwa jembe na alitakiwa kurudi Ikonda kusafishwa kidonda. Yeye na mkewe, bibi Ema, walisikiliza gari asubuhi yote na gari likapita. Safari iliyofuata likapita tena. Kidonda kikaharibika. Majirani walimbeba kwa machela hadi barabara kubwa, wakapata lori, wakamfikisha. Hospitali iliuokoa mguu, ila vidole viwili havikuokoka.

Manase alipotambua sababu, aliteremka hadi Makambako kumweleza fundi. Mansoor, kwa nia njema kabisa, alijibu ndani ya kipindi chenyewe, akiangalia kamera: dereva apige honi. Lilionekana jambo jepesi, na watazamaji wa mjini waliohojiwa wiki hiyo wote waliafiki.

Kumbe kwenye kona zile za Ipelele, gari linalopiga honi mlima mzima linaleta maiti. Ndivyo wanavyoarifiana tangu magari yaanze kufika, ili watu waache kazi, washuke, waupokee msiba. Manase alilijua hilo, lakini alifikiri akipiga honi fupifupi watu wataona tofauti. Hawakuiona. Na siku hiyo alikuwa anamrudisha nyumbani mzee Lameki, amekaa kiti cha mbele, mguu umefungwa bandeji. Watu waliposikia honi, nao wakijua nani wa kwao yuko Ikonda, hawakuhitaji kuuliza. Majembe yakawekwa chini. Wanawake wakajifunga vitenge viunoni. Vilio vikapokezana kilima hadi kilima, na gari lilipofika, mzee Lameki alimkuta bibi Ema amejitupa chini akimwita kwa majina yake yote, na wanaume wameshabeba sepetu. Inasemekana alikaa kidogo akisikiliza sifa zake kabla ya kushusha kioo. Mwenyewe anakana.

Watu walicheka baadaye, na hata leo wanacheka. Bibi Ema hakucheka. Alimtuma Manase amwambie mama wa maoni apande Ipelele, kuna maoni.

Bi. Hamisa alikwenda, na mpiga picha akamfuata na stendi yake ya miguu mitatu. Tulimkuta bibi Ema shambani, tukasalimiana kamwene kwa kamwene, tukaulizana habari za watoto, za mvua na za mbegu, na hapo ndipo alipokishika kipaza sauti. Aliyosema tunayaandika yote, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa:

"Mwanangu, gari mmelitengeneza, tumeliona, linapendeza. Lakini mmelinyamazisha. Sisi huku gari tunaliona kwa masikio. Huyo fundi wenu ni fundi kweli, wala simtukani, ila hajawahi kungojea gari huku ana mgonjwa nyumbani. Vidole vya mzee wangu vimebaki Ikonda. Tena mmenifanya nimlilie mume wangu akiwa hai, mbele ya watu wote, nikamaliza maneno yote. Sasa siku akifa kweli nitasema nini? Turudishieni sauti yetu."

Kutoka Ipelele hadi Njombe, Bi. Hamisa hakusema neno. Mwandishi ni shahidi kwamba jambo hilo halikuwahi kutokea kabla ya siku hiyo, na halijatokea tena.

Hapa ofisini palichemka. Gereji ya Mansoor ndiyo iliyodhamini kipindi, na Bwana Filbert, ambaye ameruhusu haya yaandikwe, alipendekeza ikatwe sentensi moja tu, ile ya kungojea gari. Bi. Hamisa alikataa. Lakini hakutaka mdogo wake aisikie sentensi hiyo siku moja na mji mzima. Aliichukua kanda akaenda nayo nyumbani kwa Mansoor, akamkalisha, akamwonyesha. Mansoor aliitazama mpaka mwisho, kisha akamwomba sentensi hiyo iondolewe. Alimwomba kama mtoto anavyomwomba dada aliyemlea. Bi. Hamisa ametueleza kwamba saa ile ilimuuma kuliko siku ya kumzika baba yao, kwa sababu siku ile angalau walilia wote wawili, wameshikana.

Alhamisi maoni yalirushwa bila kukatwa.

Mji ulicheka. Ovaroli isiyochafuka ikatajwa tena sokoni. Mansoor hakuja studio na hakumsemesha dada yake. Idd ilipofika, sahani ya pilau ambayo Bi. Hamisa humpelekea kila mwaka ilirudi ilivyokwenda, na kawa juu yake. Alituambia hayo huku akicheka. Kazini hakukosa hata mara moja.

Kisha asubuhi moja Mansoor alipakia mabomba, mashine ya kuchomea na jenereta kwenye pikapu yake, akampitia mpiga picha, akasema tunapanda Ipelele. Hakumwalika dada yake. Tulipofika karibu na soko, Bi. Hamisa alikuwa amesimama kando ya barabara na kipaza sauti chake na blanketi, akapanda nyuma katikati ya mabomba bila kumuuliza mtu. Nani alimpasha habari, mwandishi hasemi.

Bomba la zamani lilikuwa limekwisha kuuzwa chuma chakavu, na bila shaka wakati huo lilikuwa jiko la mkaa la mtu. Ikabidi Mansoor aitafute sauti upya. Alisimama na bibi Ema kwenye shamba la viazi, ukungu umewafunika hadi mabegani, na Manase akapelekwa na gari mlima wa ng'ambo. Mara ya kwanza waliondoa sailensa tu. Bibi Ema alisikiliza akasema hilo ni lori la mbao. Mansoor akashuka, akatoboa, akachoma, akapanda tena. Mara hii gari lilikohoa mara tatu na kukata pumzi, na bibi Ema akasema hilo linaumwa, lipelekwe Ikonda. Kijiji kikaanza kukusanyika. Kila mtu alikuwa na maoni, wengine waliigiza mlio kwa midomo, mzee Lameki akiongoza kutoka kwenye kigoda chake, na Bi. Hamisa akapita kwa kila mmoja na kipaza sauti. Mansoor aliwasikiliza wote. Ovaroli yake siku hiyo ilichafuka.

Mwishowe aliomba kopo la mafuta ya kula. Akalikata, akalikunja juu ya ufa aliouchana mwenyewe kwenye bomba jipya zuri, akalifunga kwa waya, akampungia Manase mkono aende. Tukangoja. Ukungu ulikuwa mzito, hatukuona hata barabara. Kisha, ng'ambo, gari likakohoa mara mbili, likaunguruma, likakohoa tena.

Bibi Ema aliweka jembe chini, akajifunga kitenge, akaanza kushuka kuelekea barabarani. Alikuwa amefika katikati ya shamba alipokumbuka kwamba hana safari.

Mansoor alikaa chini juu ya tuta la viazi akafunika uso kwa mikono yenye masizi. Dada yake alimfuata, akakaa kando yake, na kwa mara ya pekee katika utumishi wake Bi. Hamisa alizima kipaza sauti wakati mtu anasema. Mpiga picha naye alishusha kamera. Waliyosemezana hayamo kwenye kanda, na hayatakuwamo humu. Idd iliyofuata sahani ilirudi tupu, imeoshwa.

Toleo lile la Mkweche ndilo lililopata maoni mengi kuliko yote tuliyowahi kurusha. Na kuanzia hapo, kwa amri ya Bi. Hamisa ambayo hakuna aliyethubutu kuipinga, hakuna gari lililoingia gereji kabla yeye hajakwenda kwanza kuwauliza wanaolingojea barabarani. Mansoor alikuwa wa kwanza kukubali. Aliongeza sharti lake mwenyewe: kila gari la shamba apandishwe nalo mlimani fundi mwenyewe, na akae upande wa wanaosikiliza. Gereji nyingine za Makambako na Njombe zilimcheka, na sasa tunasikia baadhi zinafanya hivyo kimyakimya.

Landrova ya Manase ingali kazini na inaendelea kuchukua kanda. Sailensa ile mpya iko Ipelele, bibi Ema anaitumia kuzuilia mlango usifungwe na upepo, na mzee Lameki huwaonyesha wageni akisema aliinunua kwa vidole viwili. Kipaza sauti kinapokelewa na Bi. Jasmine, ambaye Bi. Hamisa amemfundisha kazi kwa kumkataza kuongea. Tunaona anaendelea vizuri.

Sisi wafanyakazi wenzake tunajivunia kwamba tulifanya kazi na mtu huyu. Alitukera, alitucheleweshea chakula cha mchana ili mtu amalize sentensi yake, na alirusha hewani kila baya lililosemwa juu yetu. Watu wa hapa wanaiamini Uwanda kwa sababu yake, na tunalisema hilo mbele ya Bwana Filbert naye anaitikia. Tunaishukuru familia yake, na hasa Mansoor, kwa kutuazima dada yao muda wote huo.

Limebaki jambo moja la ratiba. Bi. Hamisa ameomba asipelekwe nyumbani na gari la kampuni. Anakwenda kupumzika kwa bibi Ema mpaka baridi iishe, ingawa tumemwambia kwamba huko ndiko baridi inakozaliwa. Manase anatoka Ipelele leo kuja kumchukua. Atafika saa ngapi, hatujui, ameondoka gari lilipojaa.

Kwa hiyo tunamwomba radhi mgeni rasmi mapema. Ikiwa katikati ya hotuba yake patasikika, upande wa barabara ya Njombe, kikohozi mara mbili na mngurumo, asiikatishe, maana hapa kwetu maoni hayakatwi. Ila asishangae akimwona Bi. Hamisa ameweka sahani chini, amejifunga khanga, ameanza kushuka ngazi, na Mansoor nyuma yake amebeba mablanketi.

Dada Hamisa, ahsante. Uende ukapumzike, ule viazi vya moto, na popote utakapokuwa, gari lako lisikupite.